Miguu Chini, Gata Juu: Nimeushika Mlingoti Unaofyonza Taka za Paa!

Rafiki yangu, nimeushika! Kwa mikono hii hii miwili, leo hii, pale Kefinco, na viganja bado vinanicheza. Mlingoti mweusi, mrefu, mwembamba, mwepesi mno, mrembo hasa, unaorefuka kutoka usawa wa kiuno chako hadi kwenye gata za ghorofa ya tatu, halafu unafyonza! Unafyonza majani, matope, maganda, mbegu, manyoya, kila uchafu ambao paa limekuwa likiuficha huko juu misimu na misimu. Na wewe uko wapi wakati huo wote? Uko chini, rafiki yangu. Chini! Kwenye nyasi, viatu vikavu, huku majirani wameacha kufua nguo wamekuja kutazama. Sijawahi kufurahia kazi ya usafi namna hii tangu nizaliwe, na bado!

Ngoja nivute pumzi nikueleze vizuri. Unaijua Kefinco, mtaa wetu wa Kakamega uliobaki na jina la mradi wa maji wa Kenya na Finland wa miaka ya 1980. Basi kuna ploti moja ya ghorofa, imejaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kutoka chini hadi juu, na nyuma yake pamesimama mikaratusi mirefu kweli kweli, migrevilea miwili na mparachichi mmoja mnene. Miti mizuri, kivuli kizuri, lakini majani yake! Ya mgrevilea ndiyo mabaya zaidi, yale yenye vidole vidole, yanashikana yenyewe kwa yenyewe, yanasukwa, yanakuwa mkeka mzito ambao maji hayapenyi hata kwa dawa. Desemba hadi Februari yanadondoka makavu, Machi mvua inakuja inayalowesha, Aprili yameshageuka udongo, na Mei, rafiki yangu, unaona majani mabichi yanachungulia ukingoni mwa gata. Shamba juu ya paa!

Na namna ya kuyatoa unaijua pia. Ngazi ya miti iliyogongwa misumari, kijana mmoja jasiri juu, wawili wameishikilia chini, mkono mmoja umeng'ang'ania mabati na mwingine unachota matope na kuyatupa, paa! ukutani, paa! kwenye nguo zilizoanikwa, paa! kichwani mwa aliyeshika ngazi. Na hiyo ni nyumba ya chini. Ghorofa ya tatu nani anapanda? Kwa hiyo hapandi mtu. Gata zinajaa, maji yanafurika nyuma, yanateremka ukutani, ukuta unaota kijani, rangi inabanduka, chumba cha juu kinanuka ukungu. Nimekuwa nikilitazama doa la kijani la ile ploti kila nikipita, linanikera, linanikera sana, kana kwamba ukuta ni wangu.

Sasa leo napita, nasikia mngurumo. Si wa posho mili, si wa msumeno wa mbao. Mngurumo mzito, wa duara, unaotoka kwenye pipa la chuma lenye magurudumu lililoegeshwa kando ya tangi la maji. Na kutoka kwenye hilo pipa bomba nene la mikunjo mikunjo linatambaa kwenye nyasi, linapanda, linaungana na mlingoti, na mlingoti unapanda, unapanda, unapanda! Miguu yangu ilishaingia getini kabla sijaamua kuingia.

Fundi ni kijana wa huku huku, ametulia, hana haraka, ana kofia ngumu na miwani ya kukinga macho. Akanitazama nilivyokuwa nimekodoa, akacheka, akasema, "Karibu, mkubwa wangu, njoo uone." Akaushusha wote ili nione unavyofunguka. We! Kipande kimelala ndani ya kipande, kila kimoja kina kibanio chake, na unapokivuta na kukifunga kinasema *ta!* Unavuta kingine, *ta!* Kingine, *ta!* Hiyo sauti peke yake ningeweza kuisikiliza mchana kutwa. Safi, kavu, ya uhakika, inakwambia hapa pameshika na hapachomoki.

Halafu akaniwekea mkononi.

Nilijiandaa kwa uzito. Nilipanua miguu, nikakaza mgongo, nikajua sasa nabeba chuma. Ukaja juu mwepesi hata nikayumba nyuma! Hauna ule ubaridi wa bomba la maji, hauna ule ukali wa mabati, ni laini, mkavu, una mistari mistari midogo sana iliyosukwa ambayo kidole kinaisikia kabla jicho halijaiona. Ni nyuzi za kaboni, fundi akaniambia, ndiyo maana unaweza kuunyoosha hadi mita kumi na kitu ukabaki umesimama badala ya kukuangukia. Unapinda kidogo, ndiyo, ncha inachezacheza huko juu, inakunyenyekea, lakini haikatiki wala haikulemei. Nikautembeza hewani kushoto, kulia, kushoto, nikasahau kabisa kwamba watu wananiangalia.

Sasa washa mashine. Oooh!

Mlingoti mzima unapata uhai. Unatetemeka, lakini mtetemo mdogo mdogo, mtamu, unaoingia kwenye viganja, unapanda viwiko, unafika mabegani. Mdomo wake huko juu umepinda kwa mbele, kwa hiyo unauinua mpaka upite ukingo wa gata, halafu unaushusha polepole ndani. Kwa nukta chache hakuna kitu. Hewa tu, fyuuuu. Halafu mdomo unakutana na ule mkeka wa majani, na sauti inabadilika, inakuwa nzito, inakaza, inakaza, na ghafla, *chwaaap!* Limeachia! Donge zima limeingia! Unalisikia likiteremka ndani ya mlingoti, linapita mbele ya uso wako, linapita mkononi mwako, halafu linaingia pipani, *kubu!* Na nyuma yake zinafuata mbegu za mkaratusi, kavu, ngumu, nyingi, tum-tum-ta-tum, mdundo wa ngoma ya isukuti mtupu, ndani ya bomba uliloshika wewe mwenyewe! Nilipiga kelele. Wanafunzi kwenye veranda za juu wakapiga makofi. Mama mwenye ploti akatoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza kumetokea nini.

Ilibidi nijifunze kidogo, na kujifunza kwenyewe kulikuwa raha tupu. Ukiuzamisha mdomo wote ndani ya matope, hewa inakosa njia, na bila hewa inayokimbia hakuna kinachobebwa. Mashine inakwambia yenyewe. Mngurumo unapanda, unakuwa mwembamba, unakuwa kilio. "Uache upumue, mkubwa wangu," fundi akaniambia, akigusa tu mlingoti kwa vidole viwili. Inua kidogo, acha upenyo, hewa inaingia kwa kasi, na matope yanaingia nayo. Baada ya muda masikio yako yanafanya kazi kuliko macho. Unasikia jani kavu, unasikia kokoto, unasikia tope bichi, unasikia mahali gata limebaki tupu na linaimba lenyewe. Nani aliwahi kuniambia kwamba gata safi lina sauti? Hakuna! Na bado!

Kamera. Rafiki yangu, kamera! Nilikuwa bado sijakwambia kamera!

Huko juu, karibu na ule mdomo, kuna kijicho kidogo, na chini hapa, kwenye mlingoti, usawa wa kifua chako, kuna kiskrini. Ukikitazama uko ndani ya gata. Ndani kabisa! Nilitegemea kuona uchafu, nikaona nchi nzima. Mabonde ya matope meusi, vilima vya majani, kidimbwi chenye viluwiluwi vya mbu vinavyorukaruka, bila shaka wale wale wanaotusumbua usiku. Mche wa mpera, majani manne, umenyooka, unajiamini, umeota huko juu na mizizi yake myeupe imeshika kutu. Mpira wa makaratasi wa watoto. Kibanio cha nguo. Kijiko cha chai, jamani, kijiko! Nani alikipandisha huko, kunguru? Mama mwenye ploti alikitambua papo hapo kwenye skrini. "Hicho ni changu!" Fundi alikisogeza tu kwa mdomo hadi kona, akakifyonza, *kling kling kling kling* hadi pipani, na mama akakiosha akakitia mfukoni kwa furaha ambayo siwezi kukueleza.

Na kwenye kona ya mashariki tukaona kiota. Shomoro, na makinda matatu yamefunua midomo. Fundi akauinua mlingoti taratibu, akaupitisha mbali, akaushusha upande wa pili. Hilo lilinigusa sana. Mtu wa ngazi, anayechota kwa mkono asichokiona, angeshakitupa chini kabla hajajua ameshika nini. Huyu ameona, ameacha, atarudi makinda yakiruka.

Kamera hiyo hiyo ndiyo iliyotegua kitendawili cha doa langu la kijani! Tulipomaliza upande wa nyuma, gata jeupe, linang'aa, tukaona vishikio viwili vimeng'oka na gata limelala kinyumenyume, na mahali lilipolala, tundu. Tundu la kutu la ukubwa wa sarafu. Maji yalikuwa yanatoka hapo hapo na kuramba ukuta, kila mvua, kila siku. Mama alilitazama lile tundu akatikisa kichwa. Amepaka rangi ule ukuta mara kadhaa, na kumbe hakuna rangi duniani ya kuziba tundu lililo mita tisa juu ya kopo. Hilo tundu na vile vishikio ni kazi ya mtu wa kupanda, mlingoti haupigi misumari, lakini sasa anapanda akijua anakwenda wapi, mara moja, na kifaa sahihi mkononi.

Kuna jambo dogo lililonishtua kweli kweli. Tulipofika kwenye majani makavu, makavu hasa, yale ya juu yasiyoguswa na umande, kidole changu kilichomwa na kitu, *chas!* Kidogo tu. Nikadhani mdudu. Ni umeme unaozaliwa pale vumbi kavu linaposuguana na bomba likipita kwa kasi, na fundi anauzoea, anavaa glavu. Nilijaribu tena bila glavu ili nisikie tena. *Chas!* Ajabu iliyoje!

Ukitaka kujua wazo hili limetoka wapi, nenda London mwaka 1901, kwa injinia mmoja aitwaye Hubert Cecil Booth. Mashine yake ya kwanza ya kufyonza vumbi ilikuwa kubwa mno isiingie mlangoni, ikawa inavutwa na farasi, inaegeshwa barabarani, na mabomba marefu yanapitishwa madirishani hadi kwenye mazulia, huku wapita njia wamesimama kutazama. Mwaka uliofuata ikaitwa kusafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla Mfalme Edward VII hajavishwa taji. Pipa nje, bomba juu, watu wamesimama wanashangaa! Nimewaza hilo nikiwatazama wale wanafunzi wote kwenye veranda, nikafurahi maradufu.

Lakini subiri, kilele bado.

Unajua Kakamega yetu. Asubuhi jua, mchana joto, alasiri upepo wa ziwa unasukuma mawingu yanakutana na miinuko, na saa kumi mbingu inafunguka. Mji unaopata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, mji ambao hata mwamba wake, ule wa Ilesi kwenye barabara ya Kisumu, unalia! Basi saa tisa na kitu ngurumo ya kwanza ikasikika kutoka upande wa msitu wa Kakamega, na fundi, papo hapo, bila kujadiliana na mtu, akazima mashine, akaushusha mlingoti, *ta, ta, ta*, akaulaza chini ya veranda. Nilimpenda kwa hilo. Kaboni hupitisha umeme, na radi za huku si za kuchezea. Kwa sababu hiyo hiyo, kabla hajaanza alikuwa amezunguka nyumba yote akitazama nyaya za stima zinapopita, na upande wa barabarani, pale waya unapoingia kwenye jengo, hakuunyanyua mlingoti hata kidogo. Ukimpata fundi asiyetazama nyaya kwanza, mlipe nauli aende nyumbani. Na kama paa lako ni la asbestosi, yale ya nyumba za zamani, usikubali mtu yeyote alifyonze kwa mashine ya kawaida, kwa maana vumbi lake linapita kwenye kichujio cha kawaida na kuingia mapafuni. Hayo mawili ni ya lazima. Mengine yote ni raha!

Ikanyesha. Si manyunyu, mvua! Ile ya kupiga mabati mpaka mnaongea kwa ishara. Tukasimama verandani, mimi, fundi, mama, keateka wa ploti, wanafunzi, wote macho juu. Na maji yakaja. Yakakusanyika kwenye gata, yakakimbia, ukiyasikia yanavyokimbia, yakaingia kwenye bomba la kushukia na kuporomoka *shwaaaa* hadi kwenye tangi. Hakuna tone lililofurika ukingoni mwa gata tulizosafisha! Dakika za kwanza mama aliyaachia yamwagike nje, maana maji ya mwanzo yanaosha paa, halafu akarudisha bomba kwenye tangi, akachota kwa jagi la kioo akaliinua kwenye mwanga. Meupe! Hayana ule weusi wa chai ya rangi! Hakuna jani, hakuna harufu ya uozo. Bado atayachemsha au kuyatia dawa kabla ya kunywa, kama kawaida, lakini ya kufulia, kuoshea, kupikia ya kuchemka, rafiki yangu, anayo tele.

Na hebu piga hesabu hii, imenizungusha kichwa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Chukua paa la kawaida la mita za mraba 100. Alasiri moja ya milimita 20, ambayo hapa Kakamega hatuitaji hata kama habari, ni lita 2,000 zinazopita juu ya kichwa chako. Jerikeni mia moja za lita ishirini! Na kinachoamua kama zinaingia tangini au zinaingia ukutani ni konzi ya majani ya mgrevilea kwenye tundu la bomba. Konzi! Usiku huu sijui kama nitalala.

Pipa lilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kuchungulia. Harufu ya msitu, nzito, mbichi, ile inayokupokea ukiingia msituni pale Isecheno asubuhi baada ya mvua. Tope jeusi tititi, laini, limejaa minyoo, na lile la juu bado lina majani unayoweza kuyahesabu. Mama alilitaka lote. Limeenda kwenye migomba yake, toroli baada ya toroli, na keateka aliomba debe moja la bustani ya maua, akapewa. Mche wa mpera ulitoka mzima, umelowa tu, na mwanafunzi mmoja wa chini ameupanda kwenye mkebe wa rangi. Hakuna hata kimoja kilichotupwa!

Sasa nisikilize. Usingoje. Wakati wa kumwita fundi wa mlingoti ni Februari, majani yakiwa yameshadondoka na kabla hayajalowa, maana makavu yanaruka ndani ya bomba kwa furaha, mabichi yanakokotwa. Wazee wa Nganyi, watabiri wa mvua wa kule Bunyore, ambao hata Idara ya Hali ya Hewa imeketi nao kulinganisha utabiri, wakisema mvua ndefu zimekaribia, gata zako ziwe zimeshaimba. Ukichelewa, bado inawezekana, leo tumefyonza matope mabichi kabisa, ila kwa subira na kuinua inua mdomo. Muulize fundi akuonyeshe picha za kamera kabla na baada. Muombe, tena muombe kwa upole, akuachie ushike dakika mbili. Vaa miwani, maana kuna vumbi linalokosea njia. Na simama mbali kidogo na ukuta, usijibane chini ya ncha, ukitazama juu kwa pembe, shingo haitakuuma na utaona kila kitu.

Mimi nimeshaharibika. Nilipotoka pale sikutazama watu wala magari, nilitazama paa tu. Njia nzima! Nikipita Amalemba nahesabu gata zilizoota nyasi. Nikifika karibu na Muliro Gardens nasimama katikati ya njia nikikadiria urefu, je, ule ungefikia, ungefikia, ungefikia kabisa! Mabweni ya Kakamega School, yale mapana! Ghorofa zote za Lurambi! Paa kubwa la kanisa la Mukumu, kule juu, na miti yote ile pembeni, majani ya miaka mingapi yamelala pale yakisubiri, na vijiko vingapi, na mipira mingapi, na miche mingapi ya mipera! Kesho fundi anaenda Shinyalu, nyumba ya ghorofa moja chini ya miparachichi mitano, mitano, rafiki yangu, na amesema nikija mapema atanipa upande wa nyuma wote niufanye mwenyewe, kamera na kila kitu, na bado!